Kumtafutia Farasi Zizi la Malipo Jijini Nairobi

Mwenye farasi asiye na shamba lake hapa Nairobi hulazimika kumlaza mnyama wake katika zizi la mtu mwingine kwa malipo ya kila mwezi, mara nyingi upande wa Karen, Lang'ata au Ngong. Uwanja wa kurukia na lango lililopakwa rangi huvutia macho, lakini unachokilipia hasa ni mtu wa kumtazama farasi wakati wewe uko kazini au umelala. Ndiyo maana mimi huanza uchunguzi wangu kwa saisi, yaani mtunzaji wa farasi.

Fika jioni, mnamo saa kumi na moja na nusu, farasi wanaporudishwa ndani na kulishwa. Tazama kama saisi humpitishia farasi kiganja miguuni, kuanzia gotini hadi juu ya ukwato, akitafuta uvimbe au joto, na kama huinua kila ukwato kuukwangua. Kisha muulize yeye mwenyewe, msimamizi akiwa mbali kidogo, farasi fulani alikunywa maji kiasi gani jana. Anayewajua wanyama wake hujibu bila kusita. Kwa maoni yangu, saisi aliyepewa farasi zaidi ya wanne au watano hawezi kuyaona hayo yote, hata awe hodari namna gani.

Swali la maji lina sababu yake. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hunywa takribani lita 25 hadi 45 kwa siku, na akipunguza ghafla, huenda msokoto wa tumbo uko njiani, nao ni hatari kwa kuwa farasi hawezi kutapika. Kwa hiyo napendelea ndoo mbili chumbani kuliko hori linalojijaza lenyewe, kwa kuwa ndoo huonyesha kilichopungua.

Upande wa malisho, farasi huyo huhitaji kilo 7.5 hadi 10 za majani makavu kila siku, kabla hujafikiria nafaka. Omba robota moja la nyasi lifunguliwe, uchote katikati yake, wala si pembeni, kisha unuse: harufu ya ukungu au vumbi linalofuka ni sababu tosha ya kuondoka. Stoo ya nafaka iwe na komeo ambalo farasi hawezi kulifungua kwa midomo, maana wapo wanaoweza. Kama zizi hufuga pia kuku au ng'ombe, uliza vyakula vyao huhifadhiwa wapi, kwa sababu monensini, dawa inayochanganywa katika baadhi ya vyakula hivyo, humuua farasi hata kwa kiasi kidogo.

Jambo ambalo mgeni kutoka Ulaya hulisahau ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake hubebwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, ambao huuma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko na huongezeka baada ya mvua. Hauna tiba ya kuua virusi, na farasi anaweza kufa siku chache tu baada ya dalili kuonekana. Punda milia hubeba virusi hivyo pasipo kuonyesha ugonjwa, na Lang'ata inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Zizi makini hudai kadi ya chanjo kabla ya kumpokea farasi yeyote, huwaingiza wote ndani kabla jua halijazama, na huondoa matope na samadi iliyolowa, ambamo usubi huzaliana. Kagua wavu wa madirisha kwa karibu, kwani usubi hupenya tundu za chandarua cha kawaida. Feni nayo husaidia, kwa kuwa usubi hushindwa kuruka penye upepo.

Matandiko ya chini, yawe maranda au majani, yanatosha kukaguliwa kwa pua: ukiinama na macho yakawasha, mkojo haujaondolewa.

Mwisho, soma mkataba. Miaka michache iliyopita mlinzi wa zizi nililolitumia alimwona farasi wangu akijigaragaza tangu saa sita usiku, lakini hakuwa na namba ya daktari wala ruhusa ya kumwita, nami nikapata habari kulipokucha. Farasi alipona kwa shida. Tangu hapo hudai iandikwe wazi nani anaweza kumwita daktari wa mifugo bila kunisubiri na gharama isizidi shilingi ngapi, na karatasi hiyo, yenye namba mbili za simu, ibandikwe mlangoni mwa chumba cha farasi.

Siku ya kuhamia, chukua marobota machache ya nyasi alizozoea, uzichanganye na mpya kwa siku saba hadi kumi.