Kujiandaa Kununua Nyumba ya Kwanza Mjini Nakuru

Kabla hujaanza kuzungukia nyumba za Kiamunyi au Lanet, piga hesabu ya fedha zote zitakazohitajika, kwa maana bei anayotaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Mkataba unapotiwa saini, kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 ya bei. Kisha kuna ada za wakili na mthamini, pamoja na ushuru wa stempu (kodi ya serikali inayolipwa mali inapohamishiwa mmiliki mpya), ambao ni asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo mjini na asilimia 2 mashambani.

Jambo linalostahili muda wako mwingi zaidi ni hati. Viwanja vingi vya Nakuru vilimegwa kutoka mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, na hadi leo wapo wauzaji wanaoonyesha cheti cha hisa badala ya hatimiliki. Cheti hicho, hata kikijaa mihuri, hakitoshi kuthibitisha umiliki. Mwagize wakili wako (wako, si wa muuzaji) afanye upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi ili kubaini jina la mmiliki, rehani na mazuio (vikwazo vilivyosajiliwa dhidi ya kuiuza ardhi) yaliyopo. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, idhini yake ipatikane kwa maandishi. Na ardhi ikiwa ingali ya kilimo, bodi ya udhibiti wa ardhi sharti iridhie uuzaji huo.

Mpima ardhi athibitishe mipaka, nawe uitembelee nyumba msimu wa mvua.