Tuta la mtoto: kulima mboga na watoto wadogo kandokando ya ziwa

Mwanangu wa miaka minne alimaliza pakiti nzima ya mbegu za mchicha kwa kiganja kimoja. Nilikuwa nimegeuka kuchota samadi. Niliporudi nikakuta kirundo kidogo katikati ya tuta, kimefukiwa na kupigwapigwa juu kama chapati. Siku ya nne pakaota zulia la ukubwa wa sahani, miche imebanana kama abiria wa daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni.

Sikuing'oa. Tuliiacha mpaka ikawa na majani manne, tukamwagilia vizuri, tukachokonoa vifungu kwa kijiti na kupandikiza jioni, sentimita 15 kati ya mche na mche. Kesho yake ilikuwa imelegea. Kesho kutwa ikasimama. Mchicha ukiwa mdogo haulalamiki kuhamishwa, na ndiyo sababu naupendekeza kwa mtoto kuliko karoti, ambayo ukiihamisha mzizi unajikunja, na ambayo mtoto ataichimbua kila asubuhi aone kama imenenepa.

Kwa kazi mimi ni bibi shamba, na nyumba nyingi ninazopita huku Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mtoto hufukuzwa bustanini ("toka, utaniharibia!") mpaka afikishe umri wa kutumwa. Akishafikisha, bustani inageuzwa adhabu: umechelewa kurudi shule, chukua ndoo kamwagilie. Halafu tunashangaa kijana hataki kusikia habari ya jembe. Ushauri wangu ni kumpa tuta lake mapema, likiwa dogo, na kulipanda vitu ambavyo akikosea hamtalala njaa.

Tuta lenyewe liwe na upana wa sentimita 60 badala ya mita moja tuliyozoea. Mkono wa mtoto ufike katikati bila yeye kupanda juu yake, maana akishapanda udongo unashikamana na miche inakanyagwa. Urefu wa mita mbili unamtosha. Udongo wetu mwingi hapa ni luseni, kichanga kilichotokana na haya mawe yanayotuzunguka, na maji hupita ndani yake haraka. Kwa hiyo kati ya Juni na Septemba tengeneza tuta la kuzama, chini kidogo ya usawa wa ardhi, lishike maji. Vuli ikikolea, liinue. Changanya samadi iliyoiva, kama debe mbili. Samadi ambayo bado ina joto ndani na bado inanuka zizi iache kwanza: inaunguza miche, na kwa mtoto anayetia vidole mdomoni ni mlango wa minyoo na kuhara. Mawe mtakayoyaokota, na Mwanza hamtayakosa, mwachie yeye ayapange pembeni. Wangu walitumia siku mbili kwenye kazi hiyo moja, na hakuna aliyewatuma.

Liwe mahali mnapopita kila siku, baina ya mlango na jiko. Tuta la nyuma ya nyumba mtoto hulisahau siku ya tatu.

Mbali na mchicha, panda kunde. Mbegu yake ni kubwa, inashikika, na kina chake kinapimika kwa pingili mbili za kidole cha mtoto. Huchomoza ndani ya wiki, tena kwa kishindo, kichwa kikiinua udongo, na baada ya wiki tatu au nne majani machanga yanachumwa. Matembele nayo hayahitaji hata mbegu: kata marando ya sentimita 30, fukia nusu. Mkubwa wangu, wa miaka saba, aliwahi kuyapanda kichwa chini miguu juu. Yalichipua hivyo hivyo, ila kwa kuchelewa. Nyanya ningeiacha kwanza. Inataka subira ya miezi, na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda yake, akishaingia utajikuta unawaza dawa.

Kuhusu dawa sina maneno mengi. Penye tuta la mtoto usipulizie kabisa. Dawa ya bustani nyingine usiihamishie kwenye chupa ya soda, na kopo lake likiisha lisigeuzwe la kumwagilia hata ukilisuuza mara kumi. Mtoto huchuma na kula papo hapo, hangoji siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Palizi ndiyo iliyonipa somo. Nilimwambia mkubwa, "Ng'oa vidogo, acha vikubwa," nikaenda zangu sokoni. Niliporudi, miche yangu ya nyanya chungu ilikuwa imelazwa kwenye njia, safu nzuri kabisa, na magugu yamesimama tutani yakipunga upepo. Alikuwa ametii neno kwa neno. Tangu hapo sisemi "palilia". Naonyesha gugu moja tu kwa siku. Tulianza na ndago. Shika shina lake, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada: utasikia kona tatu, wakati nyasi za kawaida ni mviringo. Mtoto akishazisikia kona hizo hasahau. Kisha mfundishe kufuata mzizi kwa kijiti mpaka akute kile kitunguu kidogo cheusi chini, maana ukikata juu na kukiacha, ndago inarudi baada ya siku chache. Tulikuwa tunahesabu vitunguu kwenye kifuniko cha kopo. Panda kwa mistari pia, ili kila kinachoota nje ya mstari kiwe mgeni.

Asubuhi ukikuta miche imekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, usimsingizie mtoto. Huyo ni sota, kiwavi wa ardhini. Hula usiku, mchana hujificha. Fukua taratibu kuzunguka mche uliokatwa, sentimita mbili tatu, utamkuta amejikunja duara. Hii kazi watoto wanaiweza kuliko sisi, macho yao yako karibu na ardhi. Kuku wetu sasa wanakuja wenyewe wakiona tumechuchumaa, na ndiyo maana tuta linahitaji uzio. Nyavu chakavu za uvuvi zinafaa na hazina bei, ila zikazwe kwenye vigingi. Zikilegea zinanasa miguu, ya kuku na ya mtoto.

Sasa maji. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari chini linatosha. Ndoo ikimwagwa kwa mkupuo kwenye kichanga chetu inasukuma mbegu zote mwisho wa tuta. Lakini mtoto asitumwe ziwani kuchota. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu: konokono wa majini huachia vimelea vinavyopenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hakunywa. Kama huna bomba, achote mtu mzima aliyevaa mabuti, maji yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, konokono wasiwemo. Vimelea hivyo vikikosa ngozi hufa katika muda huo. Na wale mnaotamani kusogeza bustani hadi ufukweni, kumbukeni kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeacha mita 60 kutoka ukingoni ziwe za hifadhi. Viboko nao hupanda usiku kula, na mchicha wa mtoto hawaubagui.

Mavuno yasitumie kisu. Kunde na matembele mtoto akwanyue kwa kucha, majani machanga ya juu, akiacha mmea uchipue tena. Mchicha unaweza kukatwa nawe kwa juu ukabaki na vifundo viwili vitatu.

Wangu mafungu ya kwanza hawakutaka yapikwe. Waliyapanga juu ya ungo mlangoni, shilingi 200 kila moja, wakamngoja bibi yao. Alinunua mawili, akadai nyongeza kama yuko Kirumba sokoni. Mdogo akakimbia tutani, akarudi na majani matatu. Moja lilikuwa ndago.