Ripota kashtuka laivu: jinsi ya kuigeuza ile sura ikawa meme

Kuanzia Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, Dodoma inajaa maripota, yaani toka getini bungeni mpaka Nyerere Square lazima ukute mtu kashika maiki anaongea na kamera. Halafu Agosti inakuja Nanenane, pale Nzuguni ripota na suti yake anasimamishwa pembeni ya dume la ng'ombe aelezee ufugaji wa kisasa huku dume lenyewe linamnusa shingo. Mali ghafi ya meme, yaani sura ambayo kila mtu anaibandikia hali yake, tunayo ya kutosha kabisa. Tatizo watu wanaiharibu kwenye kukata na kwenye kapsheni, klipu kali inaishia kwenye grupu moja la WhatsApp, emoji mbili, kimya.

Tuanze na kuchagua. Usihangaike kutafuta sura ya kuchekesha, tafuta sura inayobadilika. Ripota kazi yake ni kukausha, hata upepo wa huku kwetu ukimjazia vumbi mdomoni anatakiwa amalizie sentensi, kwa hiyo watu wanachosubiri bila kujua ni ile sekunde anayoshindwa kukausha. Mcheki Alvin Kaunda wa KBC Kenya, Novemba 2022, kituo cha Sheldrick pale Nairobi wanakolea watoto wa tembo. Jamaa anaongelea ukame, mambo mazito, sauti imetulia, nyuma yake mtoto wa tembo ananyoosha mkonga unamtembea usoni mpaka puani, anavumilia, anavumilia, halafu anaangua kicheko. Angekuwa anacheka tangu mwanzo nani angeangalia? Au yule Guy Goma, Mkongo aliyeenda BBC London kwenye intavyuu ya kazi tarehe 8 Mei 2006, wakamchanganya na mtaalamu mwingine anaitwa Guy Kewney, wakamkalisha studio laivu. Pale mtangazaji anapomtambulisha kwa jina ambalo siyo lake, angalia uso unavyotoka kwenye utulivu mpaka "Mungu wangu nimefikaje hapa", ndani ya sekunde mbili tu. Mpaka leo hiyo sura bado inatembea, na yeye wala hakuwa ripota.

Sasa hapa ndo penye siri na ndo wengi wanapokosea. Ukionyesha kilichomshtua, una klipu ya kuchekesha. Ukikificha, una meme. Klipu ya Kaunda ilizunguka dunia nzima lakini ilibaki kuwa stori ya tembo, kwa sababu tembo yupo pale pale kwenye picha, huwezi kumtoa. Linganisha na Deion Broxton, ripota wa kituo cha KTVM kule Montana, Marekani. Machi 2020 alikuwa anarekodi kwenye hifadhi ya Yellowstone, baisoni (yale manyati yao yenye nundu) wakaanza kumsogelea. Kwenye klipu tunachokiona ni yeye, anaongea, macho yanahamia pembeni, anasema Mungu wangu, anakusanya vifaa vyake taratibu anaondoka bila kugeuka sana. Basi kila mtu duniani akaweka baisoni wake: bosi, eksi, mwenye nyumba, mtihani wa hesabu. Nafasi tupu pembeni ya ile sura ndo inafanya watu wengine waingie.

Kwa hiyo ukiwa na klipu yako ya Nzuguni, ng'ombe mtoe kwenye picha. Fungua CapCut au programu yoyote ya kuhariri video uliyozoea, weka fremu ya wima, mvute ripota mpaka kifua na maiki vionekane, dume libaki nje. Maiki usiitoe, bila maiki huyo ni mtu tu kashtuka barabarani. Anza sekunde moja kabla hajabadilika, ile ya "kwa mujibu wa wataalamu wa mifugo", ili tuone alikotoka, halafu maliza pale macho yamemtoka kabisa. Usisubiri arudi kawaida! Akisharudi kawaida mtazamaji naye karudi kawaida, hatumi kwa mtu. Kwa kawaida inabaki sekunde tatu nne hivi. Sauti iache kama sentensi yake imekatikia katikati, hiyo ni dhahabu, ila usiweke ile miziki ya vichekesho na milio ya kengele, nakuomba, inakera na inamwambia mtu sasa cheka.

Kapsheni. "Ripota ashtuka laivu hahaha" siyo kapsheni, hiyo ni taarifa ya habari. Andika hali ambayo mtu wa hapa ameipitia wiki hii. Mfano: "Mimi nikisikia dalali wa Ilazo anasema chumba kipo ila kodi ni ya mwaka." Au "Bodaboda kasema elfu tano, toka Jamatini mpaka Nyerere Square." Au "LUKU imelia na wali ndo kwanza umechemka." Unaona hakuna neno kushtuka hata moja, sura inasema yenyewe. Kapsheni ikizidi mistari miwili punguza, na ukiona unahitaji kumuelezea rafiki yako, tupa hiyo andika nyingine.

Na maneno yako yaweke juu ya picha, kwenye utepe mweupe nje ya fremu. Usiyabandike pale chini kituo kinapoweka maandishi ya habari, na usibadilishe alichosema ripota, maana hapo umetoka kwenye utani umeingia kwenye kutengeneza habari ya uongo chini ya nembo ya watu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, haina utani. Msiba, ajali, mtoto wa mtu, hizo sura acha zilivyo.

Ukimaliza klipu tengeneza na stika, hii watu wanaipuuza sana. Video ikishaforwadiwa mara tano, WhatsApp inamruhusu mtu aitume kwa chati moja moja tu, inapungua kasi. Stika mtu akishaihifadhi inakuwa yake, anaitumia kesho, mwezi ujao, kwenye grupu la ukoo, kwenye grupu la kikoba. Chukua skrinishoti ya ile sekunde ya mwisho, ondoa kilichoko nyuma, WhatsApp yenyewe siku hizi inakutengenezea humo humo. Ukitumia programu nyingine saizi ni pikseli 512 kwa 512 na isizidi KB 100, ikitembea isizidi KB 500. Bila maandishi, tafadhali.

Na kama ripota mwenyewe ni wewe? Wewe kijana wa UDOM uko fildi kituo fulani na jana upepo umekubebea karatasi zote laivu? Wahi. Posti mwenyewe kabla ya kurasa za udaku, kwa kapsheni yako. Broxton aliiweka mwenyewe, na watu wa Yellowstone wakamtaja kama mfano mzuri wa namna ya kumkwepa mnyama, akaonekana mjanja badala ya mwoga. Maryam Moshiri wa BBC, Desemba 2023, kamera ilimkuta kanyoosha kidole cha kati akitaniana na wenzake studio, akatoka haraka akaeleza ulikuwa utani wa ndani na akaomba radhi kwa aliowakwaza. Ilizunguka bado, ila ilizunguka pamoja na maelezo yake. Ila kumbuka picha ni mali ya kituo, muombe mhariri kwanza hata kwa meseji, wengi wanakubali wakiona nembo ipo. Ukikaa kimya siku mbili watu wameshakupa jina na hilo jina utaitwa mpaka kwenye kipaimara cha mwanao.

Kitu kingine, akitokea mwenye duka la simu anataka kuweka ile sura yako kwenye bango lake pale mjini, "si meme tu kaka", mwambie hilo ni tangazo. Aandike barua kwako na kwa kituo, aseme bango litakaa muda gani, na hela ije kabla halijapandishwa.