Somo: Kupiga ribiti za ndege ya kujiundia nyumbani

Assalaam alaykum. Tangu mulipoona picha ya ubawa ulioko uani kwangu Chukwani, wengi munauliza ribiti, zile pini za alumini zinazoshikanisha mabati, zinapigwaje. Naeleza ya milimita 3.2 (inchi 1/8) tu. Nyengine zinafuata hesabu hiyo hiyo.

1. Tundu. Kazi yote iko hapa. Tumia ncha ya keekee namba 30, yaani milimita 3.26, na uishike wima. Tundu likienda upande au likawa pana, ribiti hujikunja ndani na huwezi kuiona. Kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu pasipungue milimita 6.4, mara mbili ya unene wa ribiti.

2. Yaachanishe mabati, ondoa chenga, zile ncha kali zinazobaki ukingoni mwa tundu, pande zote mbili. Pitisha kidole, kikikwaruzwa, bado. Usiiruke hatua hii, nakuomba: chenga zikibaki, mabati hayalaliani, na huku kwetu chumvi hupenya kila mwanya. Paka rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha yarudishe na uyabane.

3. Tia ribiti. Mkia, yaani ncha isiyo na kichwa, uchomoze milimita 4.8 upande wa pili.

4. Muwe wawili. Mmoja anapiga kichwa cha ribiti kwa bunduki ya upepo (nyundo inayoendeshwa kwa hewa), mwenziwe anakandamiza chuma kizito mkiani. Mwenye chuma ndiye anayesema "piga", na asikiondoe mpaka bunduki inyamaze.

5. Pima. Mkia uliobonyea uwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6.

MASWALI

Wete: Kaka, si nitumie tu zile za kuvuta za mafundi madirisha?

Jawabu: Hapana, ndugu yangu. Nyingi zina msumari wa chuma ndani, na chuma kikikutana na alumini penye chumvi, inayoliwa ni alumini. Zipo ndege zilizosanifiwa kwa ribiti za kuvuta, ila ni za daraja la ndege. Fuata ramani yako.

Makunduchi: Mkia umelala upande. Niupige tena?

Jawabu: Itoe. Toboa katikati ya kichwa kwa ncha ya milimita 3, kina cha kichwa tu, ukivunje, kisha gonga shina litoke huku mwenzio ameegemeza bati kwa nyuma. Tundu likipanuka, panda ukubwa unaofuata, wa inchi 5/32, iwapo ukingo uko mbali milimita 8.

Mkoani: Nitaijuaje ribiti ya ndege, shekhe?

Jawabu: Tazama kichwani. Ya ndege, inayoitwa AD, ina kidoto kilichobonyea katikati. Ya alumini laini haina alama yoyote. Hiyo ibaki ya mazoezi.