Jinsi ya kutarizi doti ya watu wawili

Mlioniuliza ile kazi ya kanga naifanyaje, ile ya mikono miwili inayogusana vipande vya doti vikikaa pamoja, hii hapa. Miaka ya 1970 kule San Francisco wanaume wanaopenda wanaume walikuwa wanachomeka leso mfuko wa nyuma, rangi ina maana yake, kushoto au kulia napo pana maana, asiyejua anaona leso tu. Sisi tuna kanga, inasema tangu zamani, halafu inauzwa doti, vipande viwili pacha, mi sioni kitambaa kinachowafaa zaidi watu wawili wasioweza kushikana mikono pale Nyerere Square, Dodoma.

Hatua ya 1. Nunua doti ya pamba sokoni Majengo, isiyokatwa. Soma jina kwanza, chukua la upendo ambalo hata mama akilisoma hashtuki.

Hatua ya 2. Loweka maji baridi itoke wanga, suuza mpaka maji yasitoke rangi, kausha, piga pasi.

Hatua ya 3. Chora kabla hujakata, hapa usiwe na haraka. Kwa chaki ya fundi chora mkono kila kipande, vidole vielekeane kwenye mstari wa kukatia ila viishie sentimita 2 kabla ya mstari kila upande, maana upindo unakula hizo zote na usipoziacha vidole vinamezwa. Ukishapinda, vipande vikikaa pamoja vidole vinagusana, kikiwa kimoja ni mkono tu.

Hatua ya 4. Kata, pinda mara mbili sentimita moja moja, shona.

Hatua ya 5. Tarizi. Uzi wa kutarizi una nyuzi sita, chambua mbili, tumia mshono wa kurudi nyuma, na rangi ikaribiane sana na ya mji wa kanga ili mkono usikike kwa kidole kabla jicho halijauona. Bendera ya upinde wa mvua ya mashoga, ya Gilbert Baker wa San Francisco ya 1978, ilishonwa ionekane, hii hapana. Rangi za zile leso usizikopi, maana zake zimejaa intaneti, kubalianeni zenu wawili. Majina usitarizi kabisa, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kile cha kujamiiana kinyume na maumbile, kinaanzia miaka 30 jela mpaka maisha, na picha ya vipande vyote viwili pamoja usiiposti.

Kila mtu achukue chake. Kufua ni maji baridi, anika kivulini maana jua la Dodoma linapausha, pasi piga kwa nyuma.