Ukitaka kumsoma Langston Hughes, anzia hapa

Wengi wanamjua huyu mwandishi mweusi wa Marekani kama mshairi wa Harlem, mtaa maarufu wa watu weusi New York, basi, wanasoma mashairi mawili matatu wanaachia hapo, na inaniuma kweli kwasababu huyu mtu aliandika karibu kila kitu: riwaya, hadithi fupi, tamthilia, vitabu vya watoto, safu ya gazeti, mpaka maneno ya nyimbo za Street Scene, opera (mchezo wa kuimba jukwaani) ya mtunzi Kurt Weill ya 1947. Ukiingia bila mpango unapotea.

Mi nakushauri anza na Simple. Huyu ni mhusika wake, mtu wa kawaida tu wa Harlem, anakaa baa anapiga stori, anamlalamikia mama mwenye nyumba. Hughes alianza kumuandika 1943 kwenye safu yake ya Chicago Defender, gazeti la watu weusi, alafu 1950 hizo stori zikatoka kama kitabu, Simple Speaks His Mind. Stori ya kwanza Simple anaongelea miguu yake, eti ukiiangalia hiyo miguu utajua yote aliyopitia. Ukishaizoea hiyo sauti ndo utaelewa kwamba Hughes kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza watu wanavyoongea.

Sasa chukua The Weary Blues, kitabu chake cha mashairi cha 1926. Usisome kimoyomoyo, soma kwa sauti! Kwenye blues, zile nyimbo za uchungu za Wamarekani weusi, mstari wa kwanza mara nyingi unarudiwa, wa tatu ndo unajibu, kwahiyo ukikuta amerudia usiruke, usome tena taratibu, ubadilishe sauti kidogo, hapo ndo uchungu wenyewe unatoka.

Ukichoka na mashairi shika The Big Sea (1940), anasimulia maisha yake mwenyewe, akiwa kijana kwenye treni ya kwenda Mexico kwa baba yake anavuka mto Mississippi anaandika shairi la mito lililomtoa, 1923 anapanda meli kwenda Afrika Magharibi, baadaye anatoa vyombo mezani kwenye hoteli Washington na anaweka mashairi yake mbele ya mshairi Vachel Lindsay.

Montage of a Dream Deferred (1951) usiikatekate, ni kama shairi moja refu lenye mapigo ya bebop, jazz ile ya kasi, isome jioni moja mpaka mwisho.

Riwaya ya Not Without Laughter inaweza kusubiri. Tamthilia kama Mulatto, iliyoingia Broadway 1935, tafuta mwenzako mgawane wahusika muisome pamoja.