Irudishe Kwanza Imatinibu Mahali Pake

Karibu kila mwanafunzi anayenijia hapa Dar na kazi ya kutafuta dawa ya saratani kwa kompyuta huanza na mmea: mwarobaini, mlonge, manjano. Kaipachika molekuli ya mmea wake kwenye protini, yaani kompyuta imekadiria jinsi inavyokaa ndani yake, programu imempa alama −9 (kadiri ilivyo hasi, ndivyo inavyodhaniwa kushika vizuri), uso umejaa furaha. Namuuliza: dawa inayojulikana, ulipoipachika, ilikaa wapi? Kimya. Basi tuanze na hiyo.

Tutatumia imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa saratani ya damu iitwayo CML. Ugonjwa huo huanza pale vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vinapobadilishana nafasi na kuzaa BCR-ABL, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine) isiyozimika. Imatinibu huziba tundu la ATP, molekuli ambayo kinasi huchukua fosfeti kwake, na kuifunga kinasi hiyo ikiwa imelala, yaani katika umbo lisilofanya kazi.

Hatua ya 1: Chagua umbo. Wengi huangukia hapa. Pakua faili la 1IEP kutoka Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini. Faili ni dogo, halimalizi bando. Ni ABL (ile sehemu ya BCR-ABL yenye kinasi) ya panya, usishtuke, kinasi yake inafanana mno na ya binadamu. La maana ni kwamba imelala, na imatinibu imo ndani. Ukichukua 2GQG, ambayo imeshika dasatinibu, dawa nyingine ya CML, ikiwa macho, imatinibu haitaenea, kwa sababu AutoDock Vina, programu yetu ya kupachika, kwa kawaida huichukulia protini kama jiwe. Na bado itakupa alama! Vina haijui kusema "sijui".

Hatua ya 2: Safisha. Futa mnyororo B (nakala ya pili ya protini) na maji. Itoe imatinibu (imeandikwa STI) uihifadhi kwenye faili lake. Mimi niliwahi kuisahau ndani, nikakesha nikijiuliza kwa nini kila molekuli inakwama mlangoni.

Hatua ya 3: Andaa dawa. Usipachike nakala ile uliyoitoa. Urefu na pembe za vifungo vyake tayari vimezoea tundu, ni kama kuingia na majibu kwenye mtihani. Itengeneze upya kutoka SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kwa mstari wa herufi. Ongeza haidrojeni, naitrojeni ya piperazini (pete yenye naitrojeni mbili) iliyo na methili ibebe chaji chanya, kisha geuza dawa na protini kuwa PDBQT, aina ya faili ambalo Vina husoma.

Hatua ya 4: Kisanduku, yaani eneo ambamo Vina itatafuta. Katikati: x 15.19, y 53.90, z 16.92. Kila upande angstromu 20 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita).

Hatua ya 5: Endesha. Weka exhaustiveness (bidii ya utafutaji) 32. Ni kazi ya dakika chache, lakini jaza betri kwanza. Umeme wa mtaa wako unaujua mwenyewe.

Hatua ya 6: Tazama mkao kabla ya alama. Linganisha mkao wa kwanza na ile STI uliyohifadhi, bila kusogeza chochote. RMSD, kipimo cha jinsi atomi za mikao hiyo miwili zilivyoachana, iwe chini ya angstromu 2. Kisha tafuta vifungo vya haidrojeni na methionini 318 na threonini 315, asidi amino mbili za kinasi. Visipoonekana, rudi Hatua ya 2.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa T315I. Badili threonini 315 kuwa isoleusini, urudie. Kwa wagonjwa, badiliko hilo moja huifanya imatinibu ishindwe: kifungo kimoja kinapotea, na isoleusini inaziba njia. Kama Vina bado inakupa alama ileile nzuri, umeshajua uiamini kiasi gani.

Haya, sasa leta huo mwarobaini.